Mama mukwe alisema na baiskeli

Florentin, karatasi hii usimuonyeshe muntu.

Nilitoka Kindu asubuhi na baiskeli, bila kula, nifike mapema kwao Victorine kuposa. Kilima cha mwisho nguvu zikaisha. Nikalala njiani, mimi karani wa Bula Matari, wa serikali, na kofia yangu.

Nani akapita? Mama yake Victorine, anatoka shamba. Mukwe, Florentin. Unajua kwa desturi hawezi kunitazama wala kusema nami.

Akanipa mgongo, akasema na baiskeli. Na baiskeli.

«Baiskeli, mwambie bwana wako muhogo huu ni wake.»

Nikala. Mbele ya mukwe nikala, nimejificha nyuma ya gurudumu.

Akangoja nimalize. Halafu akasema: «Baiskeli, wewe ndiye hukuchoka. Ukuje kuposa wewe mwenyewe.»