Mkanda wa Kidevu

Mzenga, Kisarawe
3 Juni 2025

Mume wangu Isihaka,

Assalaam alaykum. Huko mzima? Huku pumzi ipo, tushukuru. Mdogo wako Raudha ndiye anayeniandikia, maana kwenye simu ulimi unanata hata kukutukana nashindwa. Hii mashine yenu ya kupumulia usingizini inanipuliza puani usiku kucha, naamka kinywa kikavu kama kigae. Juzi nimekwenda kumwosha marehemu Biasha, dua zikagoma kutoka. Nimechoka. Njoo uichukue.

Bibi yako


Mbwawa, Kibaha
8 Juni 2025

Mke wangu, shikamoo!

Mimi nadunda, ila kazi inanimaliza. Mashine siichukui ng'o. Umesahau ulivyosinzia jikoni mkono ukaangukia sufuria? Daktari alisema pumzi yako inakatika usingizini, siku moja itakatika isirudi.

Shule ilinishinda kidato cha pili, lakini kifaa cha kunishinda Mbwawa hii hakijaletwa. Nimemuuliza daktari (nilikuwa najua, nilitaka na yeye aseme). Kwanza, jaza kile kitenki maji niliyokuachia, upepo uje na unyevu. Pili, unalala mdomo wazi kama pango, upepo wote unatokea huko. Nimekuletea mkanda, unapita chini ya kidevu mpaka utosini. Utapendeza kuliko siku ya ndoa yetu.

Mumeo


Mzenga
12 Juni 2025

Isihaka,

Salamu zimefika. Maji nimejaza, koo lina nafuu, ila mdomo bado unafunguka. Mkanda nakurudishia.

Wanawake wa Mzenga hii wakikata roho, mimi ndiye ninayewafunga videvu kabla hawajakakamaa. Mama yako nilimfunga mimi. Leo unataka nijifunge mwenyewe, nilale nikisubiri nini? Nimechoka, mjukuu wangu, lakini sijafika huko. Mashine nimeifunika kanga.

Bibi yako


Mbwawa
15 Juni 2025

Bibi, shikamoo.

Hali yangu ya hivyo hivyo. Ya mama sikuwa nayajua. Nimekaa na barua yako mpaka chai imepoa.

Halafu nikauvaa mkanda mimi, nikalala nao. Asubuhi jirani yangu Latifu kafungua mlango, kaniona, katoka mbio anapiga kelele, "Jamani, Isihaka kafa!" Nikaketi kitandani nikamwuliza, "Umeleta vitumbua?" Mpaka leo hanisogelei. Picha nimemtumia Raudha, cheka.

Bibi, nimebaki na wewe tu. Mkanda naurudisha tena.

Mjukuu wako


Mbwawa
29 Juni 2025

Bibi, shikamoo.

U mzima? Simu ya Raudha haipatikani. Najitapa mbele za watu, ila kula siwezi. Nijibu, hata kwa tusi.

Isihaka


Mzenga
4 Julai 2025

Mume wangu,

Assalaam alaykum, na marahaba zako zote. Simu ya Raudha ilitumbukia kwenye ndoo. Mimi nilikuwa nalala, mwanangu. Nilikuwa na deni la usingizi la miaka.

Mkanda wako unanuka mpira. Nimeifunua mashine, nikajifunga kidevu kwa mtandio wangu, fundo nikaliweka shavuni. La wafu hukaa utosini. Nikalala naogopa. Alfajiri nimeamka, ulimi una mate, nikamwita Raudha mpaka jirani akaitika.

Uchovu bado upo, na uzee hauna mashine. Lakini wote niliowafunga, Isihaka, hakuna hata mmoja aliyefungua fundo lake. Mimi langu nalifungua kila asubuhi.

Mkeo,
Mwanaamina