Mzee wa Korido Anawapima Wagonjwa Wangu Kabla Yangu

Shangazi Tsvetana, nakuja kwako kuomba msaada na nakusihi usinicheke, maana mimi ni daktari na hakuna anayetaka kutibiwa na daktari anayeona mauzauza, ila mimi sijaona kitu, na hiyo ndiyo shida yenyewe, wanaoona ni wagonjwa wangu.

Zahanati hii niliinunua kwa mjane wa Daktari Velichkov, mzee aliyewatibu watu wa mji wetu chini ya milima ya Rodopi mpaka mauti yakamkuta kazini, na tabia yake ilikuwa kukaa na mgonjwa katika kile chumba kidogo cha nyuma, wanywe chai ya mlimani, waongee habari za mbuzi na za wakwe, ndipo amshike mkono kupima mapigo, watu wakampenda sana lakini zahanati ilikuwa hoi, paa linavuja na mashine ya moyo ni mbovu. Mimi na mume wangu Kamen, yeye ndiye meneja, tukaigeuza, kila mtu kwa miadi, dakika chache, dawa, haya mwingine aingie, na chumba cha chai tukampangisha fundi wa miwani, na kweli mambo yakanyooka, paa likazibwa, mashine mpya ikaja, nikajivuna, sikatai.

Basi majira ya baridi akaingia Ginka wa duka la mikate, na kabla sijamsalimu akasema, "Leo sikuchoshi, mwanangu. Yule mwenzako wa korido nimeshamweleza yote. Kasema si tumbo, ni moyo."

"Mwenzangu gani, mama?"

"Huyo mzee mwenye fulana ya sufu, uso sikuuona vizuri kwa kiza. Mikono yake baridi kama barafu, lakini anasikiliza, si kama wengine."

Nikatoka kuchungulia, korido tupu, ila palinukia chai ya mlimani, nikarudi nikampima Ginka ili kumridhisha tu, kumbe mshipa wa moyo ulikuwa karibu kuziba kabisa, gari la wagonjwa likamuwahi na leo anauza mikate yake. Baada yake wakaja wengine, hata wageni ambao hawakuwahi kumjua marehemu, wote na maneno ya mzee, na mzee hakosei. Nilipomwambia Kamen nilidhani ataogopa, yeye akacheka mpaka akakohoa.

"Radostina, hiyo baraka! Daktari asiyedai mshahara! Watu wanaingia kwako wameshamenywa kama vitunguu, wewe ni kuandika tu. Punguza dakika, ongeza watu."

Nikapunguza. Na hapa ndipo panaponiuma, Shangazi, kwa sababu siku hizi mgonjwa akiingia namuuliza "Kasemaje?" kabla sijainua macho, kipimo cha kusikilizia kifua kinaning'inia msumarini, na nikimgusa mtu anashtuka, ananiambia mikono yangu ni ya baridi, nami nimeinawa kwa maji ya moto.

Juzi Minko mfuga nyuki alikuwa kwenye korido akingoja zamu yake, Kamen akapita, halafu Minko akaingia kwangu uso umempauka.

"Daktari, mumeo anaumwa?"

"Haumwi. Kwani vipi?"

"Yule mzee leo hakusema neno. Mumeo alipopita, alisimama akavua kofia."

Kwetu kofia huvuliwa jeneza likipita. Nimemsihi Kamen apimwe, naye ananijibu, "Mzimu unifanyie kazi, sawa. Unipangie maisha, hapana." Padri amesikia, anataka kuja kumwondoa mzee, Kamen anasema tutapoteza wateja, nami naogopa kwamba mzee akiondoka nitaua mtu, maana sijui kama bado ninaweza kusikiliza peke yangu. Nimfukuze au nimwache?

Radostina

*

Radostina, kujibu barua yako sikungojea gazeti litoke. Nilikupigia simu ukiwa na mgonjwa, nikakwambia: mpime mumeo, leo. Ukaanza, "Lakini Kamen..." nikakukata kauli.

Wasomaji wajue kilichofuata, umeniruhusu. Ulifunga zahanati mchana kweupe, ukamlaza Kamen kitandani huku anakutania, ukamgusa kifua, ukamgusa mgongo, ukafika tumboni, na chini ya vidole ukakuta mshipa mkubwa umevimba, unadunda. Siku hiyohiyo akapasuliwa. Sasa anakunywa supu na kulalamika haina chumvi.

Pole kwa hofu, mwanangu. Lakini niambie, nani alikuonyesha tumbo? Mzee hakusema neno. Uliliona mwenyewe, kwa mikono hiyohiyo unayosema imekuwa baridi. Kwa hiyo usinililie kwamba hujui. Unajua. Ulikuwa mvivu.

Sijui nani anakaa kwenye korido yako na sitajifanya najua. Faida si dhambi. Paa likivuja hakuna anayepona chini yake. Dhambi ni kumtumikisha marehemu ili wewe upate kumwahi mgonjwa anayefuata.

Miadi ibaki. Ajiri muuguzi, wale wanaofuata dawa zao za kila siku wamalizane naye asubuhi, muda utakaopatikana uwape wanaoumwa kweli, na utaona hawatahamia kwa daktari mwingine. Kamen akipona apokee simu na ashughulikie mapato, lakini dakika za mgonjwa zipange wewe. Neno "Kasemaje" lisitoke tena kinywani mwako.

Padri mwite, ila si kwa kufukuza. Chemsha ngano ya kumkumbuka marehemu kama tufanyavyo kwa wazazi wetu waliotangulia, asomewe sala yake, kisha simama kwenye korido, kwa sauti, hata kama fundi wa miwani anakusikia, umshukuru mzee na umwambie akapumzike.

Na mgonjwa akikuuliza yule mzee kaenda wapi, usibabaike. Mwambie, "Zamu yake imekwisha. Daktari ni mimi. Keti, unieleze."

Kisha nyamaza.

Shangazi Tsvetana