Punda Wangu Anayegoma

Jumanne, usiku

Eti imeharibika! Meneja mzima wa kampuni ya vitu vya kuchezea anambebesha punda wangu wa mbao mitungi yote miwili ya maji upande mmoja, anamsukuma, punda anasimama, halafu ananiambia, "Madam, hii imeharibika."

"Hajaharibika. Amegoma. Gawa mzigo pande zote mbili, ataenda."

Huo ndio mchezo wenyewe. Mtoto yeyote wa huku Machakos aliyewahi kuchota maji na punda angeelewa bila kuambiwa. Huyu alikulia kwenye lifti.

"Watoto wa siku hizi hawana subira," akasema. "Weka betri, iende tu. Na iimbe."

Punda aimbe!

Nikamwambia punda asiyegoma ni pikipiki. Nilidhani nimemchoma, kumbe macho yamemng'aa. "Pikipiki! Hiyo nachukua leseni ya kuitengeneza hata leo. Niletee sampuli Ijumaa."

Kusema kweli naogopa. Hakuna kampuni iliyomtaka punda, na Mutua, anayenichongea kule Wamunyu, atapiga simu kesho kuuliza imekuwaje. Nitamwambia nini? Kwamba siku hizi tunabuni takataka?

Basi, nimekaa nikaichora hiyo pikipiki yake. Imetokea vizuri, hata taa inayo. Mutua akishaichonga, Ijumaa itateleza juu ya meza ya meneja kama imepakwa mafuta, naye atatia sahihi akicheka.

Ila mtoto akiibebesha abiria watatu, inagoma.