Siku ya Jina la Varvara

Jumapili, 2 Desemba

Nimefika Thesalonike salama. Basi lilijaa wanafunzi wanaorudi chuoni, kila mmoja na vyakula vya mama yake mapajani. Mvua, na upepo wa Vardari, ule wa kaskazini, unakata masikio. Varvara alinipokea stendi. Amekonda! Nilimkumbatia nikahisi mifupa. "Mama bwana, watu wanatuangalia." Waache waangalie.

Mume wangu, Stergios, ameshapiga simu. Si mtu wa maneno mengi. Anasema nimtazame mtoto vizuri. Nikiona hayuko sawa nirudi naye Alhamisi, chumba chake kipo, chuo hakikimbii. Nikamwambia usinitwishe hilo peke yangu. Akakata.

Mwaka wa pili huu anasomea famasia. Kijijini kila mtu anangoja atufungulie duka la dawa. Mungu wangu, nipe macho.

Jumatatu, 3 Desemba

Ameenda darasani, kasema. Nikafungua friji nipange vyakula. Kwenye barafu nikakuta pai zangu za Oktoba! Uzi wangu mwekundu bado umefungwa vilevile. Kila Ijumaa namkabidhi dereva wa basi kifurushi, na kila Jumamosi mtoto ananiambia kwenye simu: tamu sana mama, tumekula na wenzangu, wamelamba sahani.

Wenzake gani?

Sikumuuliza. Nilizirudisha, nikafunga. Jioni tukatembea kando ya bahari mpaka karibu na bandari. Meli zimesimama mbali, kwenye ukungu. Watoto wa watu wanapita makundi makundi wakicheka. Hakuna hata mmoja aliyemsalimia.

Nimeloweka ngano. Kesho siku ya jina lake, sikukuu ya mtakatifu wake — tutaona.

Jumanne, 4 Desemba, Mtakatifu Varvara

Nimepika tangu alfajiri. Ngano, zabibu kavu, kokwa za jozi, mdalasini, ganda la chungwa. Nyumba inanukia kama kwetu. Kwetu siku ya jina hualiki mtu. Unaacha mlango wazi, taa inawaka, watu wanakuja wenyewe. Basi nikashuka, nikaegemeza kiti kwenye mlango wa barabarani, wageni wasihangaike na kengele.

Haikupita muda — kelele ngazini! Bi Urania, anayekaa chini yetu, sigara mdomoni.

"Nani kaweka kiti? Huu si mlango wa zizi! Baridi yote ya mji inapanda kwangu!"

Nikamwambia leo siku ya jina la binti yangu.

"Hata angekuwa malaika, funga mlango."

Nikafunga. Ana mdomo huyo! Lakini kiti alinibebea mwenyewe mpaka juu.

Varvara alichana nywele, akavaa sweta jekundu. Kwa ajili yangu. Tukakaa. Vibakuli vimepangwa, vijiko vimepangwa. Kila lifti ikilia naruka. Giza likaingia.

"Mama, hapa watu hawaji mpaka uwaalike."

"Uliwaalika?"

Akawa anavuta uzi wa sweta. "Nimwalike nani?"

Tulikula wawili. Nikajidai sufuria imeungua, nikaenda kuisugua kwa muda mrefu.

Jumatano, 5 Desemba

Ngano ya mtakatifu haitupwi. Nimepita mlango kwa mlango na vibakuli. Mmoja hakufungua. Mwingine akapiga kelele humo ndani: hatununui kitu! Bi Urania akafungua. Akanusa, akaonja kwa kidole palepale. Mama yake alikuwa anaweka na ufuta, kasema. Halafu akanitazama.

"Kumbe wewe ndiye mama wa yule anayelia."

Nikamuuliza, unasemaje?

"Bafu lake na langu madirisha yako kwenye shimo moja la hewa. Kila jioni. Anafungulia maji, anadhani hatusikii."

"Na hujawahi kumgongea?"

"Nimgongee nimwambie nini, dada? Mimi mwenyewe naongea na redio."

Sikurudi juu. Nilikwenda moja kwa moja stendi, nikakata tiketi mbili.

Nilipomwambia Varvara nilijiandaa kwa ugomvi, machozi, mlango kubamizwa. Hakuna. "Sawa, mama." Akaanza kukunja nguo. Anakunja vizuri, ncha kwa ncha, kama nilivyomfundisha. Heri angenitukana.

Alhamisi, 6 Desemba

Basi letu linaondoka saa saba. Tumekaa na makoti yetu. Begi lake liko mlangoni, vitabu kaviacha kwenye rafu. Vizito, anasema. Stergios kafurahi mpaka sauti inatetemeka, kuni zinawaka tangu asubuhi chumbani kwa mtoto. Mimi sina furaha. Namwokoa, au naenda kumfungia? Kule nako si atafungulia maji tusimsikie?

Kengele! Ya mlango wetu, hapa juu.

"Varvara!" Ni Bi Urania. Kamwita yeye, si mimi. "Nimeleta bakuli. Na si tupu, usidhani sikulelewa! Fungua, goti linaniua!"

Miguu yangu ilishainuka. Nikairudisha chini. Nikamwambia, kakuita wewe. Nikashika kalamu tena, nionekane nina kazi.

"Mama, nenda wewe."

Kengele tena.

"Nawasikia mnapumua humo ndani!"

Amesimama. Amekaa. Amesimama tena, anajifuta macho kwa mkono wa koti. Mimi mkono mmoja unaandika, mwingine nimeukalia.