Msumeno Unyanyuliwe Jioni

Mjukuu wangu Wekesa, huko Endebess,

Sisi huku Bungoma tu wazima, na ng'ombe wa mamako amezaa. Poleni kwa upepo ulioangusha miti yenu. Unauliza ununue msumeno gani wa petroli, wa kuiondoa na kupasulia kuni.

Nunua wa wastani, mwepesi. Nilisema hivyohivyo kwenye kamati ya kijiji ilipopanga kununua msumeno wa kijiji. Mwenyekiti akacheka: "Mama, huo si ni wa kukatia sukuma wiki! Mheshimiwa anakuja kuukabidhi, apigwe picha na kitu kidogo hivyo?" Wakanunua dubwana.

Dhoruba ilipolaza mikaratusi barabarani, kakangu Wanyonyi aliikata kutwa nzima. Jioni mikono ilimwishia nguvu, msumeno ukamshukia pajani. Sitaeleza zaidi.

Kwa hiyo usiende dukani asubuhi. Nenda jioni ukitoka kulima, uunyanyue mikono ikitetemeka. Ukikulemea uuache, hata muuzaji akikucheka.

Mazishini mwenyekiti alisimama kando ya jeneza, akatukumbusha kwamba hakuna kijiji kingine Bungoma chenye msumeno mkubwa kama wetu. Watu wakapiga makofi.

Msalimie mkeo.

Ni mimi nyanya yako,
Nasimiyu