Jina la Fundi Aliyewashinda Mbio

Nachingwea, Jumanne, Septemba 1954

Yule karani wa karakana, ningempata leo, sijui ningemfanya nini.

Wiki tatu nimezunguka kijiji cha Matambarale nikimuulizia marehemu Chikopa, fundi aliyeng'oa bodi ya lori bovu, akaliendesha, akawashinda Wazungu mbio za magari kwenye mbuga kavu. Hakuna aliyenijibu. Leo dada yake akafoka: "Mwalimu mzima, na kipara hicho, unamwita kaka yangu kwa jina la kabla ya jando? Ni Saidi!"

Kumbe karani alimwandika katika daftari la mafundi kwa jina la utoto makusudi, kumdhalilisha. Nami, niliyepita jandoni, nikalinakili kama kasuku.

"Andika Saidi kwanza," dada akasema, "ndipo nikusimulie."

Nimeandika. Lile la karani nimelikata kwa kalamu mpaka karatasi ikachanika.