Mota ya Waipa Niliyoikuta Ujiji

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza bila hiyo.

Nakuandikia nikiwa na kinyaa. Tangu juzi nanawa mikono na bado najiona kama nimeshika kitu kilichooza.

Mvua zimeanza. Wiki iliyopita nilimpeleka Mama hospitali kwa gari lako. Tunarudi Katubuka, ikatukuta ile mvua ya kutoka ziwani, inayoshuka yote kwa mpigo. Nikawasha waipa. Kimya. Nikatoa kichwa dirishani niione barabara, na hata hivyo bodaboda moja niliiona ikiwa imebaki hatua mbili mbele ya bampa. Mama alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake, hata siku ya msiba wako.

Nilifungua boneti mwenyewe, kama ulivyonifundisha. Fyuzi nzima, umeme unafika. Mota ndiyo imeungua, ukiinusa tu unajua. Nikakumbuka maneno yako: "Spea ya mtumba hainunuliwi kwa jina la gari. Beba ile iliyokufa, uzilinganishe." Nikaifungua, nikaiviringisha kwenye kitambaa, nikaenda nayo Ujiji kwa yule mzee wa spea.

Ya kwanza aliyonipa ilitoka kwenye gari la usukani wa kushoto, la ng'ambo ya ziwa. Matundu ya bolti yakakataa. Ya pili, soketi yake ina waya nne, yetu tano. Nikaaga. Akasema, "Subiri, binti yangu, iko moja safi," akainama chini ya meza.

Baba, ilikuwa na rangi ya kucha.

Ile nyekundu ya Mama. Unakumbuka nilivyoiiba nikiwa darasa la nne? Ulitaka kunichapa, halafu ukaichukua wewe, ukawa unatia alama kwenye soketi, doa moja juu, mawili chini, waya zisije zikachanganywa. Mama hakuipata tena chupa yake. Na hii niliitia alama mimi, ndiyo maana yale mawili ya chini yamegusana. Brashi iliniteleza, nawe ukacheka.

Nikamuuliza mzee ameitoa wapi. Akashusha sauti. "Si ameniletea Issa. Nilidhani mmekubaliana."

Issa. Uliyemfundisha kazi tangu hajui kushika bisibisi, niliyemwita baba mdogo. Aliyeshuka kaburini kukupokea. Gari tulimwachia siku zote arobaini, kwa sababu alisema litaharibika bila mtu wa kuliwasha. Akatoa mota nzima, akapachika mbovu, akaturudishia gari limeoshwa linang'aa. Na mimi pia najichukia: niliona ile mbovu haina alama, nikajiambia joto la injini limeibabua.

Nililipa. Nilinunua mali yako mwenyewe, na mzee alipokea huku anatazama pembeni.

Nikaenda gereji kwa Issa. Nikamkuta anakula muhogo. "Shikamoo," nikasema, ulimi umezoea. Nikamwonyesha mota. Hakushtuka.

"Mwanangu, gari lilikuwa limekaa tu. Nilijua mtaliuza. Wanawake wawili, mtalipeleka wapi?"

"Mama angekufa barabarani."

"Mungu hakupenda."

Akaendelea kutafuna. Mdomo ule ule, Baba, uliosoma dua juu yako. Nikaiviringisha mota kwenye kitambaa, nikaondoka.

Mota nimeifunga mwenyewe. Ilikaa bila kulazimishwa, na waipa zikaanza kwenda. Nilitamani ungeona. Halafu nikakaa kwenye usukani nikalia, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuniambia zima sasa, betri inakwisha.

Mama nilitaka kumficha. Issa bado anakuja kula kwetu kila Ijumaa, na Mama humwekea samaki, mgebuka mkubwa kuliko wote. Nikashindwa. Jana nilimwambia. Hakulia. Aliuliza tu kama nina hakika, nikamwonyesha yale madoa. Akayagusa kwa kidole.

Leo asubuhi alijitanda khanga akaenda kwa Issa kwa miguu, peke yake. Aliporudi alikuwa na kanzu yako nyeupe, ile aliyompa baada ya arobaini. Amesema hakumtukana. Alisimama mlangoni akasema, "Nipe kanzu ya mume wangu," na mke wa Issa ndiye aliyeileta. Ameifua, akaisuuza, akaifua tena. Sasa iko kwenye kamba.

Sitakudanganya kwamba nimemsamehe. Ila nakuahidi: boneti la gari lako halitafunguliwa tena na mtu bila mimi kuwepo nikimwangalia. Na Ijumaa nitakuletea Mama kaburini, mvua inyeshe isinyeshe.

Pumzika, Baba.

Binti yako,
Mwajuma